Shamba la Nabothi na Timu Iliyopanda Daraja



Wapendwa wanaparokia na wasomaji wote wa tafakari hii ya kila juma, nilikuwa nimekusudia kuendelea na mafundisho yetu juu ya Sakramenti ya Kitubio. Naomba mniwie radhi, maana limetokea jambo lisiloweza kungoja. Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, nilipotoka sakristia nilikuta chini ya mwembe watu wapatao arobaini wakibishana kwa sauti ambayo ningefurahi kuisikia wakati wa kuimba Utukufu. Nilidhani pameibwa pikipiki. Kumbe ni habari ya timu.

Wengi mnaifahamu habari yenyewe. Timu ya vijana wetu, ile inayochezea uwanja ulio kando ya kanisa, imepanda kutoka ligi ya wilaya kwenda ligi ya mkoa. Kabla furaha haijapoa, amejitokeza mzaliwa wa huku kwetu aliyefanikiwa kibiashara mjini. Ameahidi jezi, viatu, posho ya wachezaji, kocha mwenye cheti na basi dogo la kusafiria. Anachoomba ni kwamba timu isajiliwe kwa jina lake, ibadilishwe jina, na michezo ya nyumbani ichezwe huko aliko yeye, ambako anasema watazamaji wanalipa kiingilio.

Hapo ndipo waumini wangu walipogawanyika. Vijana wengi walikuwa tayari kusaini hata kwa dole gumba, wakisema umaskini hauna ligi na kwamba katika miaka mitano watakuwa wanacheza na Simba na Yanga. Wazee na akina mama kadhaa walisema timu ni ya kijiji na haiuzwi. Nilisimama kando nikisikiliza, mpaka mzee mmoja, ambaye kwa kawaida husema maneno machache sana, akauliza: "Hiyo timu yenyewe ni ya nani?" Watu wote wakanyamaza. Katibu akatazama viatu vyake. Ikadhihirika kwamba hakuna hati ya usajili, hakuna katiba, na daftari la michango lina kurasa tatu tu zilizoandikwa, moja ikiwa imelowa mvua. Na kwa kuwa uwanja ni wa parokia, wote wakanigeukia mimi.

Sikuwajibu siku ile. Leo najaribu kujibu, na nianze mbali kidogo, kule Ubaruku katika wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya. Nimepachagua kwa sababu watu wa kule ni wakulima wa mpunga kama sisi, wanaishi katika bonde lenye maji kama sisi, na timu yao ilibeba jina la ardhi oevu ya huko, Ihefu. Timu hiyo ilipanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza mwaka 2020, ikashuka mwaka 2021, ikapanda tena mwaka 2022. Tarehe 29 Novemba 2022, katika uwanja wa Highland Estates, iliifunga Yanga mabao 2-1. Yanga ilikuwa imecheza michezo 49 ya ligi bila kupoteza hata mmoja. Nakumbuka siku ile hata hapa Kisawasawa, katika kibanda umiza kilichopo njia panda, watu wasiowahi kufika Mbarali walikumbatiana kana kwamba wamezaliwa huko. Msimu uliofuata, mwezi Oktoba 2023, Ihefu iliifunga Yanga tena palepale, kwa mabao yaleyale.

Mwanzoni mwa mwaka 2024, katikati ya msimu, timu ikahamia Singida. Msimu wa 2024/25 ulipoanza, hata jina la Ihefu halikuwapo tena. Ilikuwa ikiitwa Singida Black Stars. Kwa hesabu za mpira, uamuzi ule haukuwa wa kijinga. Timu ilimaliza msimu huo katika nafasi ya nne na kupata tiketi ya mashindano ya Afrika. Ukiwauliza waliowekeza fedha zao watakuonyesha matokeo, nao wana haki ya kuyaonyesha. Lakini mkulima wa Ubaruku aliyekuwa akifunga shamba mapema Jumamosi ili awahi mchezo, na mama aliyekuwa akiuza mihogo getini, hao waliamka siku moja wakakuta kilichokuwa chao hakikuwa chao. Hawakuibiwa kisheria, kwa maana hawakuwahi kukimiliki kisheria. Hicho ndicho kinachonikosesha usingizi juma hili.

Sisemi kwamba Singida wametenda dhambi. Huko nako wamepatwa na yao. Singida United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017 kwa kishindo, ikasajili wachezaji kutoka nje ya nchi, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2018 na kufungwa mabao 3-2 na Mtibwa Sugar ya mkoani kwetu. Mwaka 2020 ilikuwa imeshashuka. Ikaja DTB, timu iliyokuwa na jina la benki, ikapanda mwaka 2022 na kuitwa Singida Big Stars. Mwaka 2023 ikaitwa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 ikawa Fountain Gate tu, na makao yake yakawa Babati mkoani Manyara. Shabiki aliyenunua jezi kila mwaka ana kabati lenye majina matatu ya timu moja.

Tufungue Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alitamani shamba la mizabibu la Nabothi lililokuwa jirani na jumba lake kule Yezreeli, ili alifanye bustani ya mboga. Tumezoea kumhukumu Ahabu tangu mstari wa kwanza, na pengine sisi mapadre tumewazoesha hivyo. Hebu soma polepole. Ahabu hakuanza kwa jeuri. Alitoa masharti mawili ambayo mfanyabiashara yeyote mwungwana angeyatoa: nikupe shamba lililo bora kuliko hili, au nikulipe fedha kwa kadiri ya thamani yake. Kwa bei ya soko hakuna aliyeweza kumlaumu. Nabothi naye hakusema bei ni ndogo. Alikataa kwa sababu ya namna nyingine kabisa: ule ulikuwa urithi wa baba zake, na Bwana hakumruhusu autoe. Mmoja alikuwa anaongea habari ya thamani, mwingine habari ya urithi. Chini ya mwembe Dominika iliyopita nilisikia mazungumzo hayohayo, na ndiyo maana hawakuelewana.

Lakini kuna jambo ambalo sikuwahi kuliona nilipokuwa seminari, ingawa tulilisoma andiko hilo mara nyingi. Nabothi aliweza kumkatalia mfalme. Alikuwa na la kukatalia, kwa sababu kila mtu Yezreeli alijua shamba ni la nani. Ili kulichukua, Yezebeli alilazimika kuandika barua kwa jina la mfalme, kuzitia mhuri, kutafuta mashahidi wa uongo na kumwaga damu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa vigumu kumnyang'anya mtu mwenye urithi unaojulikana. Watu wa Ubaruku hawakuhitaji kuandikiwa barua ya uongo. Na sisi hapa Kisawasawa, ikiwa huyu ndugu yetu angetaka kuichukua timu bila hata kutuuliza, angehitaji nini zaidi ya kwenda kuisajili?

Niruhusuni niungame kosa langu mwenyewe, kwa kuwa nawasema ninyi. Katika parokia niliyotumikia kabla ya kuja huku, mfadhili mmoja aliwaletea akina mama mashine ya kukoboa mpunga. Nilifurahi mno. Tulichinja mbuzi, kwaya ikaimba, nami nikaibariki mashine kwa maji ya baraka mbele ya umati. Sikuandika hata mstari mmoja, kwa kuwa niliona ni utovu wa adabu kumwomba mtu mkarimu asaini karatasi. Miaka michache baadaye mfadhili akafariki. Watoto wake wakaja na gari na risiti. Mashine ilikuwa imebarikiwa, lakini jina lililoandikwa kwenye risiti lilikuwa la baba yao. Waliibeba wakaondoka nayo, na akina mama wakarudi kupanga foleni katika mashine ya watu. Walikuwa wamechangia dizeli, wamejenga banda, wamelipa fundi. Hakuna aliyekuwa mwovu katika kisa hicho. Alikuwapo paroko aliyedhani kwamba shukrani na maandishi haviwezi kukaa meza moja.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema timu ni ya kijiji na basi. Kupenda kitu si kukimiliki. Ninyi wakulima wa miwa mnaijua tofauti hii kuliko mimi: kulima muwa ni jambo moja, kumiliki mzani na maabara inayopima sukari iliyomo ndani yake ni jambo lingine. Kiwanda cha Kilombero kilipobinafsishwa mwaka 1998, serikali ilibaki na asilimia 25 kwa maandishi, na mpaka leo ukiuliza jibu linajulikana. Nani anaijua asilimia yenu katika timu? Aliyetoa shilingi elfu moja ya nauli ya kwenda kucheza Ifakara, aliyewapikia wachezaji, aliyefyeka uwanja, je, jina lake limo mahali popote? Wapo pia miongoni mwetu, na hili nalisema kwa upendo, wasiotoa hata mia wakati timu ilipokuwa ikisafiri juu ya lori la matofali, ambao leo ndio wenye sauti kubwa kwamba urithi hauuzwi.

Wala sikubaliani na vijana wangu wanaotaka kusaini kesho asubuhi. Mwenye fedha si adui. Kanisa halijawahi kufundisha hivyo, na huyu ndugu namheshimu kwa kukumbuka alikozaliwa. Lakini Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ya mwanadamu hutangulia mtaji, kwa kuwa mtaji wenyewe ni tunda la kazi. Na katika Centesimus Annus wa mwaka 1991 alikubali kwamba faida ni kipimo halali cha biashara, kisha akaongeza kwamba biashara kwanza ni jumuiya ya watu. Sasa, kazi iliyoifikisha timu hii hapa ni ya nani? Miguu iliyokimbia ni ya watoto wenu. Basi halijacheza hata mchezo mmoja.

Ipo mifano ya wamiliki wa aina nyingine, nayo si lazima itufurahishe. Mtibwa Sugar kule Turiani ni timu ya kiwanda, na hakuna aliyewahi kudanganywa kwamba ni ya wananchi. Ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na 2000, ikashuka mwaka 2024, ikarudi Ligi Kuu mwaka 2025. Iliposhuka, watu wa Turiani walilia, lakini hawakuhofu kwamba timu yao itaamkia mkoa mwingine, kwa sababu mashamba ya miwa hayapakiwi kwenye lori. Mbeya City ni ya halmashauri ya jiji. Ilipanda mwaka 2013, ikashika nafasi ya tatu msimu wake wa kwanza, ikashuka mwaka 2023 na kurudi mwaka 2025 pamoja na Mtibwa. Hapo swali ni tofauti: je, ushuru wa muuza ndizi sokoni umlipe mshambuliaji mshahara? Sina nafasi ya kulijibu leo.

Hata Simba na Yanga zimepita katika tanuru hili. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na kwa miongo mingi zilikuwa za wanachama wenye kadi. Mwezi Desemba 2017 wanachama wa Simba waliridhia zabuni ya Mohammed Dewji ya shilingi bilioni 20, na kanuni za serikali zikasema wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji asizidi 49. Yanga nao wakabadili katiba yao mwaka 2021 kwa mwelekeo huohuo. Mabishano hayakuisha, wala sidhani yataisha wakati wa uhai wangu. Lakini angalieni: kulikuwa na wanachama wa kuulizwa. Kulikuwa na mkutano, kura zikapigwa, na mwenye mabilioni alilazimika kusimama mbele ya watu wenye kadi za mkononi na kuwaomba. Tofauti kati ya Msimbazi na Ubaruku si mapenzi. Mapenzi yalikuwa sawasawa. Tofauti ni kadi.

Niongeze kisa cha wenzetu wa mbali, kwa kuwa kinatuhusu Wakatoliki. Mwaka 1887, katika ukumbi wa parokia ya Mtakatifu Maria mjini Glasgow, Uskoti, bruda mmoja wa Shirika la Wamaristi, Walfrid, alianzisha timu ili mapato yake yawalishe watoto maskini wa mtaa ule, wengi wao wa familia zilizotoka Ireland. Timu hiyo ni Celtic. Ikapata ushindi, ikapata umati, na mwaka 1897, baada ya miaka kumi tu, ikageuzwa kuwa kampuni. Sisemi kampuni ni haramu. Nasema tu kwamba sahani ya mtoto ilikuwa sababu ya kuanzishwa, na kampuni ina sababu zake yenyewe. Huko Uingereza, timu ya Wimbledon ilipopata kibali mwaka 2002 cha kuhamia mji wa Milton Keynes, mashabiki wake hawakuishia kulalamika. Mwaka huohuo walianzisha timu nyingine, AFC Wimbledon, wakaanza na ligi za chini kabisa, safari hii wakiwa wamiliki wenyewe. Mwaka 2011 walikuwa wamepanda mpaka ligi za kulipwa. Walijifunza kuandika, ila baada ya kuumia.

Nirudi kwa vijana na ile miaka yao mitano. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana anatuambia juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hana budi kuketi kwanza na kupiga hesabu, asije akaweka msingi tu na kuchekwa na wapita njia. Juu ya ligi ya mkoa kuna Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, kuna First League, kuna Championship, ndipo Ligi Kuu. Kila ngazi ina ada zake, safari ndefu kuliko ya kwanza, hoteli, mishahara ya kocha na daktari, na masharti ya uwanja. Mnasema fedha za televisheni zitalipa. Ni kweli kwamba mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6 kwa ajili ya Ligi Kuu, lakini fedha hizo ziko juu ya ngazi, na ninyi mnahitaji nauli mkiwa chini. Hata juu hazimtoshi kila mtu. Biashara United ya Mara ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018, na mwezi Oktoba 2021 ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 katika mashindano ya Afrika. Ushindi mzuri namna ile! Ikashindwa kusafiri kwenda mchezo wa marudiano. Mwaka 2022 ikashuka daraja.

Haya yote nimeyaandika ili msinielewe vibaya nitakaposema uamuzi wangu kuhusu uwanja. Uwanja hautafungwa, na vijana waendelee na mazoezi jioni kama kawaida, isipokuwa wakati wa Rozari mwezi Oktoba, kama tulivyokubaliana zamani. Lakini parokia haitaandika barua yoyote ya kumruhusu mtu yeyote, awe tajiri au maskini, kuutaja uwanja huu kama wake katika usajili wa timu, mpaka timu yenyewe iwe na wanachama walioandikwa, katiba iliyosomwa kwa sauti na kuridhiwa, na viongozi waliochaguliwa. Nimeongea na mwanasheria mmoja, muumini mwenzetu, atatusaidia rasimu bila malipo. Nimeshauri rasimu hiyo itamke wazi mambo matatu yasiyoweza kubadilishwa na mtu mmoja: jina, mahali pa nyumbani, na haki ya wanachama kuliona daftari la fedha. Mengine yote, ikiwamo nafasi ya mwekezaji na faida atakayopata, yajadiliwe naye kwa heshima.

Nimempigia simu mfanyabiashara huyo siku ya Jumatano, nikamwambia haya kabla sijayaandika, maana si vema mtu akayasoma kwanza mahali pengine. Alikaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza: "Padre, na wao wataweka kiasi gani?" Nilikiri kwamba ni swali la haki, nami sikuwa na jibu.

Mkutano utafanyika Dominika ijayo mara baada ya Misa ya pili, chini ya mwembe uleule, na mvua ikinyesha tutaingia darasa la katekesi. Mfanyabiashara amekubali kuja. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wawatangazie watu wao, na VIWAWA waandae mabenchi. Waislamu na Walutheri ambao watoto wao wanacheza nao wanakaribishwa, timu si ya Wakatoliki peke yao. Katibu aje na lile daftari, pamoja na ukurasa uliolowa. Na kila atakayekuja kusema timu ni yake aje na ada ya uanachama. Tutapanga kiasi palepale, kwa kuanzia na yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote.

Nawatakieni Dominika njema.

Paroko wenu